Fuko Hana Kesi ya Kujibu

Mkulima wa nyanda za juu, awe wa Kiambu au wa Marangu, anajua adhabu ya fuko: mtego, moshi, au sumu shimoni. Shambani simtetei. Aliyekuta viazi vyake vitamu vimegugunwa kutoka chini ana haki ya kukasirika. Ninachopinga ni hukumu hiyo kupandishwa mlimani, kwenye malisho, ambako wasomi wazima husimama mbele ya ardhi iliyochubuka na kutamka kwamba fuko ameimaliza.

Twendeni Bale, kusini mwa Ethiopia. Kwenye uwanda wa Sanetti, mita 4,000 hivi juu ya usawa wa bahari, anaishi fuko mkubwa asiyepatikana popote pengine duniani. Hukaribia kilo moja, na macho yake yamekaa juu karibu na utosi. Hufungua tundu, huchungulia, hung'oa haraka majani yaliyo jirani, huyakokota ndani, kisha huziba mlango kwa udongo. Majani yakiisha hapo, hufungua tundu jingine. Nyuma yake hubaki kiraka kitupu, na mashtaka huanzia hapo.

Lakini udongo ule uliopandishwa juu ni laini, na umechanganyika na kinyesi na majani yaliyooza. Mimea midogo ambayo ingesongwa na nyasi nene hupata pa kuotea, na maji ya mvua hupata pa kuzama. Sikatai kwamba penye mafuko wengi majani hupungua kwa muda, wala kwamba kwenye mteremko mkali kifusi huchukuliwa na maji. Ila mlima huu umezoea meno hayo tangu enzi za barafu. Katika pango la Fincha Habera watafiti walikuta mifupa ya mafuko hawa iliyoungua, mabaki ya mlo wa watu walioishi hapo zaidi ya miaka 30,000 iliyopita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Majani yangalipo.

Kilichoongezeka siku hizi ni makazi na mifugo ndani ya hifadhi ya Bale. Kwato hushindilia udongo ambao fuko huufungua, na ng'ombe hali kiraka, hula bonde zima. Lakini ng'ombe ana mwenyewe, na mwenyewe ana kura. Fuko hana wa kumsemea, basi kesi inamwangukia yeye.

Na wenye hamu ya sumu wajue wanamuua nani mwingine. Mbwamwitu wa Ethiopia, yule mwekundu mwenye miguu mirefu, hawafiki 500 duniani kote. Zaidi ya nusu wako Bale, na pale Sanetti chakula chao kikuu ni fuko huyu. Anayetaka kuyaokoa malisho ya mlima aanze kwa kuhesabu mifugo, tena aanze na ya kwake.