UCHAMBUZI: Mvuvi wa Malindi alipia tope la bara

WATALII wanaoingia kwa mashua katika Hifadhi ya Kitaifa ya Baharini ya Malindi msimu wa kaskazi mara nyingi hukuta maji ya rangi ya hudhurungi walikotarajia maji maangavu. Tope hilo si la Malindi. Ni udongo wa mashamba ya bara, uliochanganyika na majitaka ya Nairobi, ambao Mto Athi huusafirisha mamia ya kilomita. Mto huo huitwa Galana baada ya kukutana na Tsavo, kisha Sabaki unapokaribia bahari, kaskazini mwa mji wa Malindi.

Kusi inapovuma, tope husukumwa upande wa kaskazini. Kaskazi huligeuza likaelekea kusini, moja kwa moja hadi kwenye miamba ya hifadhi. Kwa bahati mbaya, upepo huo huanza wakati mvua za vuli zimekwisha kuujaza mto.

Matumbawe hulishwa na vimea vidogo vinavyoishi ndani ya mwili wake na kutegemea jua. Tope huziba mwanga huo, na likitua juu ya matumbawe, humlazimu mdudu huyo kutumia nguvu zake kujisafisha badala ya kukua.

Hata hivyo, athari zake si rahisi kuonekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, uliolinganisha Malindi na Watamu iliyo mbali zaidi na mto, haukukuta jangwa Malindi. Kilichobadilika ni wakazi wa miamba: aina zinazostahimili tope zilikuwa zikichukua nafasi ya zile zisizolimudu. Anayehesabu ukubwa wa eneo lenye matumbawe pekee atadhani mambo ni shwari.

Matumbawe yenyewe ndiyo yaliyotunza kumbukumbu. Mwaka 2007, wanasayansi walichapisha matokeo ya kupima madini ya bariamu katika tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Walibaini kuwa udongo uliofika baharini ulikuwa wa kiwango kile kile kwa karne mbili, kisha ukaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba yalipopanuliwa bara chini ya ukoloni.

Hapa ndipo sera inapopwaya. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1968, na tangu hapo uvuvi ndani yake ni marufuku. Marufuku hayo yana manufaa, kwani samaki wanaokula mwani huupa mwamba nafasi ya kupumua. Lakini mipaka yake humzuia mvuvi, haizuii tope. Mvuvi akitupa wavu humo hushtakiwa; mkulima anayelima hadi ukingoni mwa Athi, au kiwanda kinachomwaga uchafu mtoni, kiko mbali na macho ya askari wa hifadhi.

Joto la bahari nalo liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya mwaka 1998. Mwamba unaojaribu kufufuka kutokana na pigo la aina hiyo unahitaji sakafu ngumu, isiyo na tope, ili matumbawe machanga yapate pa kushika. Sakafu hiyo husafishwa au kuchafuliwa Machakos na Nairobi.