Mtoto na Lugha ya Jirani Yake

Wapo watu wanaodhani ya kuwa mtoto mdogo hafai kufundishwa lugha ngeni. Husema kwamba akifundishwa lugha mbili pamoja atachanganyikiwa, asijue hii wala ile. Walakini wahenga walinena, "Udongo uwahi ungali maji," na mambo yaliyotokea katika mji wa Miami, nchi ya Marekani, yaonyesha ya kuwa walinena kweli.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1959 katika kisiwa cha Kuba, watu wengi wa huko walivuka bahari pamoja na watoto wao, wakakimbilia Miami. Lugha yao ilikuwa Kihispania, na lugha ya shule za Miami ilikuwa Kiingereza. Siku zile, katika shule nyingi za jimbo la Texas, mtoto aliyesikiwa akinena Kihispania aliadhibiwa, hata akiwa mchezoni. Basi watoto wa Kuba nao wangaliweza kunyamazishwa vivyo hivyo. Lakini mwaka 1963 shule ya Coral Way ilishika njia nyingine. Watoto wa wageni na watoto wa wenyeji walitiwa katika shule moja, wakasomeshwa nusu ya siku kwa Kiingereza, na nusu kwa Kihispania. Baadhi ya walimu walikuwa wametoka Kuba kama watoto wenyewe. Na saa ya kuimba, kuchora na kucheza, watoto wote walichanganywa pamoja.

Hapo mgeni hakuwa mwombaji tena. Mtoto wa Kuba alihitaji Kiingereza cha mwenziwe, na mwenziwe alihitaji Kihispania chake. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kupokea, na kitu cha kutoa. Nao walipopimwa katika Kiingereza na hesabu, hawakuonekana kuachwa nyuma na watoto waliosomeshwa kwa Kiingereza peke yake.

Lakini si kila namna ya kufundisha yafaa. Mwalimu akiwapa watoto wanaoanza orodha ndefu ya maneno waikariri, watachoka upesi na kuichukia lugha. Yafaa waanze kwa sikio na kinywa, kama mtoto mchanga anavyojifunza kwa mamaye. Mwalimu aingie akiwaamkia, "Buenos días," nao wamwitikie. Agusa meza na kusema "mesa", nao waiguse na kusema vile vile. Awaambie wasimame, waketi, wafungue mlango, naye atazame kama wamefahamu. Kisha waimbe, maana wimbo hukaa moyoni hata somo likiisha sahauliwa.

Kuna sababu ya kutanguliza sikio mbele ya jicho. Mtoto akiona herufi kwanza, huzisoma kwa sauti za lugha aliyoizoea. Katika Kihispania sabuni huandikwa "jabón", lakini herufi ya kwanza hutamkwa karibu na "kh". Na salamu "hola" hutamkwa "ola". Mtoto wa Kiingereza asiyeyasikia maneno hayo kabla ya kuyasoma atayatamka vibaya, na kosa lililozoewa ni kazi kuling'oa. Akiisha kuyasikia na kuyasema vema, ndipo apewe kitabu na kalamu. Tena somo liwe fupi, lakini liwe la kila siku. Haba na haba hujaza kibaba. Bali saa nzima mara moja kwa juma husahauliwa kabla ya juma la pili.

Wengine huuliza, "Mtoto wa mwenyeji atapata faida gani kwa lugha ya wageni?" Watu hao hupima lugha kwa fedha tu. Mtoto aliyejifunza kumwamkia jirani yake kwa lugha ya jirani huyo amejifunza pia ya kuwa jirani ni mtu mwenye akili na heshima, si mjinga kwa sababu hajui Kiingereza. Na mtoto wa mgeni, akiisikia lugha ya nyumbani kwao ikifundishwa darasani, haoni haya kwa ajili ya wazazi wake. Shule ya Coral Way ingali inafundisha kwa lugha mbili hata leo. Shule inayomfundisha mtoto lugha mpya humwongezea mali. Lakini shule inayomwaibisha kwa lugha ya mamaye humnyang'anya mali aliyokuja nayo.