Hilo Shoka Lako ni la Kamera

Wasee, leo naanza na kosa langu kabla sijagusa la mtu mwingine.

Mwaka jana niliposti video ya sekunde 40. Nimesimama juu ya jiwe, jua linazama, mkononi nina shoka dogo jeusi lenye mpini wa plastiki na kadira kadogo kamebandikwa chini. Muuzaji alinipa hilo shoka bure, akaniahidi shilingi 300 kwa kila mtu atakayenunua kupitia linki yangu. Bei ilikuwa 4,500. Nikasema kwa ile sauti nzito ya matangazo: "Hili ndilo shoka la mtu wa msitu."

Mtu wa msitu gani? Mimi ni mtoto wa ploti. Hilo shoka lilikuwa limekata kijiti kimoja, kikavu, na nusu yake nilivunja na goti.

Wiki tatu baadaye msichana mmoja akaniandikia. Walikuwa wamepiga kambi kwenye shamba la shangazi yake, kakake anachanja kuni, kichwa cha shoka kikachomoka kwenye mpini na kumpata kwenye muundi. Akashonwa nyuzi saba. Alituma picha. Hakunitusi. Aliuliza tu: "Wewe ulilitumia kwa muda gani kabla ya kutuambia tununue?"

Manze, sikumjibu. Nilifuta video nikanyamaza. Nilikuwa nimeuza mashoka 11, yaani nilikuwa nimekula 3,300. Hiyo ndiyo bei niliyouza muundi wa mtoto wa watu.

Kwa hivyo nikisema kitu kibaya kuhusu sisi watu wa kontenti za milimani, jua siongei nikiwa juu ya ua. Niko ndani ya boma.

Tuanze na swali ambalo hakuna muuzaji atakuuliza: shoka ni la nini? Ukienda Ngong asubuhi na kurudi jioni, unakata nini? Unakata upepo? Longonot ni hifadhi ya taifa, Karura ni msitu wa umma. Sheria ya misitu ya 2016 inasema wazi kwamba huwezi kukata wala kutoa mti kwenye msitu wa umma bila kibali. Haijalishi uko na wafuasi wangapi.

Na hapa ndipo hasira yangu inapanda. Kuna akina mama wanaoishi kando ya misitu yetu ambao hulipia kibali cha kila mwezi ndio waokote kuni kavu. Kuokota, si kukata. Wakipatikana na mzigo bila karatasi, ni shida. Halafu wewe unatoka Nairobi na buti mpya, unapiga tawi bichi mara tano ndio kamera ione vipande vikiruka, unaandika chini yake "narudi kwa asili", unapanda gari unaenda. Buda, asili ya nani? Ule mti umebaki na kidonda, na yule mama akipita kesho ndiye ataulizwa nani alikata.

Najua jibu lenu: "Lakini wazungu kwenye video zao wanakata." Sawa. Hizo video nyingi zinatoka nchi za baridi kali, mtu anakata kuni ndio asigande usiku. Hata huko Uswidi, ambako kila mtu ana haki ya kutembea na kulala msituni, bado huruhusiwi kukata mti ulio hai bila ruhusa ya mwenye ardhi. Sisi tuliiga shoka, tukaacha adabu ya kulishika.

Kwa safari zetu nyingi, kijiko kidogo cha gesi kinapika chai na indomi bila kesi. Shoka ni la kambi yenye ruhusa: shamba la jamaa, ranchi ya mtu, mahali unanunua kuni langoni na unataka kuzipasua ndogo ndogo. Kama si hivyo, liache nyumbani. Pia makanga hatakuangalia vibaya ukipanda matatu.

Sasa, kama kweli unalihitaji, usinunue kwa macho. Nunua kwa mikono.

Kwanza uzito. Kichwa cha gramu 500 hadi 700 kinatosha mtu anayebeba begi mgongoni. Chini ya hapo unapiga kuni mpaka jasho likuishe, juu ya hapo unalaani kila kilima. Mpini uwe wa sentimita 35 hadi 50. Na usidhani shoka fupi ni salama kwa sababu ni dogo. Ni kinyume. Shoka refu ukikosa linapiga ardhi, fupi ukikosa linarudi kwa mguu wako. Ndio maana ukichanja kuni na shoka dogo unapiga magoti na kuweka kuni juu ya gogo, ili makali yakipita yakutane na gogo au udongo, si goti.

Pili mpini. Kama ni wa mbao, angalia nyuzi za mti. Zitembee kutoka juu hadi chini sambamba na mpini. Zikikata upande, huo mpini utavunjika siku ambayo huitaki. Angalia tundu la kichwa kwa juu: unataka kuona kabari imekaa sawa, hakuna mwanya, hakuna gundi imepakwa kuficha dhambi. Mpini uliopakwa rangi nzito usinunue. Rangi inaficha nyufa.

Tatu chuma. Beba tupa, ile ya kunolea panga. Iburute polepole kwenye makali. Ikila chuma kama sabuni, hilo shoka ni bati lenye majina. Ikiteleza kabisa kama kwenye glasi, makali ni magumu kupita kiasi na yatamegeka. Unataka tupa iume kidogo, kwa shida. Muuzaji akikataa usijaribu, ushapata jibu lako.

Mimi hayo sikuyajua. Nilifundishwa na mzee mmoja Kamukunji, baada ya aibu yangu. Nilienda nikijifanya nachukua video. Akaniuliza, "Kijana, unataka shoka ama unataka picha?" Nikasema, "Nataka shoka, mzee." Akachukua kipande cha springi ya lori, akakiweka kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, akagonga, akarudisha, akagonga tena, mwishowe akachovya makali kwenye oili chafu ya injini. Hakuna dira. Hakuna filimbi. Shilingi 900 na mpini juu.

Msinielewe vibaya, siwaambii nunueni jua kali kwa sababu ya bendera. Kuna mashoka ya jua kali ambayo ni takataka, yamekatwa kwenye bamba laini na kupakwa rangi nyekundu. Yapimwe na tupa ile ile. Na kuna mashoka ya Uswidi ambayo ni kazi safi kabisa, sitakudanganya, lakini bei yake inapita dola 150 kabla hujalipa usafiri na ushuru. Kama unachanja kuni mara mbili kwa mwaka, hiyo ni mapambo ya ukutani.

Tofauti kubwa ni hii: huyu mzee namjua anakaa wapi. Mpini ukilegea narudi na ananitukana akiutengeneza. Yule muuzaji wa linki yangu alibadilisha jina la ukurasa wake.

Na kama unataka kitu cha kujivunia kwenye kamera, tafuta shoka la kienyeji, lile ambalo chuma kina mkia unaopenya kwenye rungu la mpini. Ukipiga, pigo linausukuma huo mkia ndani zaidi, kwa hivyo linakazika kadiri unavyofanya kazi. Halina kabari. Mafundi wetu walitatua shida ya kichwa kuchomoka zamani sana, na mimi nikaenda kuwauzia watu shoka la plastiki lenye shida hiyo hiyo.

Kuna wale watasema niko na wivu kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili na sasa najifanya mwalimu. Ni kweli niliacha. Karo iliisha. Ndiyo sababu ile 300 kwa kila shoka ilikuwa tamu, sitajificha. Njaa inaeleza kwa nini nilifanya, lakini haishoni mguu wa mtu. Wengi wenu mnaoanza kupata doh ya matangazo mko pale nilikuwa: kodi inadaiwa, muuzaji anaongea poa, na kitu chenyewe hujakitumia hata siku moja. Mafuta ya uso yasiyofanya kazi yatakula pesa ya mtu. Shoka lisilofanya kazi litakula mtu.

Hii ndiyo sheria yangu kuanzia leo. Chochote chenye makali hakipiti kwa ukurasa wangu mpaka nikifanyie kazi mwezi mzima kwenye shamba la guka Murang'a, kwenye mukima aliokata mwenyewe, yeye akiwa ameketi hapo akinicheka. Kikilegea, nitawaonyesha kikilegea. Ukiwa muuzaji na hilo linakuogofya, usinitafute.

Yule msichana nimemwandikia jana, nimechelewa miezi tisa. Ile 3,300 nimemtumia. Amepokea, hajajibu, na ana haki.

Wale wengine kumi mlionunua kupitia mimi: shika hilo shoka leo, tikisa kichwa. Kikicheza hata kidogo, usilitumie tena, usimpe mtu, na uniandikie. Nyinyi wengine leteni matusi, niko tayari. Lakini leteni pamoja na picha ya kuni mlizochanja.