Ati BPD Ni Ugonjwa wa Wazungu? Hebu Tuongee

Kuna kitu kinanikera na leo sinyamazi. Siku hizi mtu akiachwa tu, anaingia TikTok kutangaza kwamba aliyemwacha ana BPD. Halafu ukirudi huku kwetu Matiliku, ukitaja hizo herufi tatu watu wakiwa kwa chai, unachekwa: "Huo ni ugonjwa wa wazungu. Mkamba ana watu wake, atakuwaje na hiyo?" Ukikazana, utaambiwa huyo msichana ametupiwa kamuti, ama hakuchapwa vya kutosha akiwa mdogo, ama anatafuta kiki.

Wa TikTok na wa chai wanadhani wanapingana. Mimi naona wote wanamkana mtu mmoja.

Kwanza tuelewane BPD ni nini, juu wengi mnaitumia kama tusi. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliiingiza mwaka wa 1980, na leo unaorodhesha dalili 9. Daktari anatafuta angalau 5, na ziwe zimekaa muda mrefu, si wiki moja ya kulia baada ya kuachwa. Kuna hofu kali ya kuachwa. Mahusiano ya leo malaika, kesho shetani. Utupu usioisha. Hasira. Pupa ya kufanya mambo hatari. Kujiumiza ama kutaka kufa. Hisia zinazogeuka ndani ya saa chache. Kushuku watu ama kujihisi uko nje ya mwili wako ukilemewa. Na ile ambayo hakuna mtu huitengenezea video: nafsi isiyotulia.

Hiyo ya mwisho ndiyo nataka tukae nayo.

Sisi wote tuna sura nyingi. Nyumbani wewe ni Nduku kwa sababu ulizaliwa usiku. Kanisani wewe ni Grace. Ukifika Roysambu una jina lingine kabisa, na hata Kiswahili chako kinabadilika. Hiyo haina shida, na ukiwa na miaka 16 ni kawaida kabisa kutojua unataka kuwa nani. Lakini wewe ukivua sura moja unajua kuna mtu aliyekuwa ameivaa. Mwenye BPD mara nyingi anaogopa kwamba akizivua zote hatapata mtu ndani. Ndiyo maana tiki mbili za buluu zisizo na jibu zinaweza kumvunja hivyo. Unaona anakasirikia simu. Yeye anahisi anafutika.

Sasa wale wa "sisi Waafrika tuna jamii". Najua mnakoitoa. Mnamtaja John Mbiti, mtu wetu wa Ukambani, aliyezaliwa Mulango kule Kitui mwaka wa 1931, aliyeandika kwamba Mwafrika anajijua kupitia watu wake. Poa. Lakini someni hadi mwisho. Mbiti huyohuyo alieleza kwamba kwa Wakamba wa zamani, mtoto mchanga kabla ya kupewa jina alihesabiwa kuwa bado wa mizimu, kiimu, hajawa mtu kamili. Yaani utu ulikuwa kitu unachopewa na watu. Sasa niambie: kama ni watu wanaokupa, si ni watu wanaoweza kukunyima? Kama nafsi yangu inashikiliwa na mikono ya wengine, siku wakiiachilia nitaanguka vibaya kuliko huyo mzungu mnayesema anaishi peke yake. Hoja yenu ya jamii haionyeshi kwamba hatuwezi kuugua hivi. Inaonyesha kwa nini tukiugua inauma sana.

Na kuna jambo la aibu zaidi. Hii stori kwamba Mwafrika hana nafsi ya peke yake, kwa hivyo hapati magonjwa fulani ya akili, haikuanzia kwa wazee wa Nzaui. Daktari wa kikoloni, J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938, aliandika hivyo. Alisema huzuni kubwa ni nadra kwetu, kwa sababu ati Mwafrika hajibebi mwenyewe, anabebwa na kundi. Alifikia kulinganisha ubongo wa Mwafrika na wa Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele. Mwaka wa 1954 serikali ya kikoloni ikamtumia kueleza Mau Mau kama shida ya akili. Shida ya ardhi ikageuzwa shida ya vichwa vyetu! Huyo ndiye mnayemrudia mkisema "sisi hatuna hizo", tofauti ni kwamba nyinyi mnaisema kwa majivuno.

Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyebuni tiba inayotumika sana kwa BPD, alieleza inavyoweza kukua: mtoto aliyezaliwa na hisia kali analelewa mahali ambapo kila anachohisi kinaambiwa si kweli. Wacha kulia. Hujaumia. Unajifanya. Kwani hizo sentensi ni za Seattle pekee? Hapa mtoto anaweza kuzisikia nyumbani asubuhi, darasani mchana na kwa maombi jioni. Mwaka wa 2011 Linehan alisema wazi kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulazwa akiwa na miaka 17, akijikata na kujichoma. Akapona, akasoma, akatengeneza tiba. Na tafiti zilizofuata wagonjwa miaka mingi zinaonyesha wengi wao dalili hupungua sana. Kwa hivyo "hao hawabadiliki" ni uongo.

Huku kwetu, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kuwa kinyume cha katiba, mtu aliyejaribu kujiua na kuponea angeweza kushtakiwa. Fikiria: unaamka hospitalini, na anayekungoja kando ya kitanda ni askari. Sheria imekataliwa, lakini mdomo wa kijiji haujaenda kortini. (Kama ni wewe unapitia hayo sasa hivi, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.)

Na msiniambie wazee na wahubiri hawawezi kuelewa. Hapa Makueni waganga wa kienyeji na viongozi wa dini walishafunzwa na watafiti wa afya ya akili kutambua dalili na kumpeleka mtu kliniki. Kama mganga ameweza, wewe mwenye bando unashindwa na nini?

Najua komenti zinakuja. "Huyo wa kwangu aliniumiza, nikae tu?" Hapana. Mtu mwenye BPD anaweza kukuumiza kweli, na una haki ya kuondoka. Lakini mwambie unaondoka, na mwambie nani amebaki, dadake, shangazi, yeyote. Usimblok saa nane usiku halafu asubuhi utuwekee video ukicheka.