Ngagi wa nani?

Vijana wapendwa wa Xaveri, Kiro na Kizito-Anuarite,

Kuna kicheko tunachokisikia mara nyingi mno baada ya Misa, nyuma ya kanisa. Kijana amerudi kutoka kambi ya msituni huko Walikale, amekonda, miguu imeumwa na siafu, na wenzake wamwuliza: «Ngagi wa wazungu hawajambo?» Aliyerudi kutoka machimboni na simu mpya haulizwi ni nani aliyemtoza kodi njiani, wala ni nani aliyefukiwa shimoni. Huyo husifiwa. Sisi twakikataa kicheko hicho.

Wengi wanaoicheka kazi hiyo hawaijui. Wafuatao nyayo za ngagi hulala siku nyingi chini ya turubai, mvua ikinyesha usiku kucha, na hula walichobeba mgongoni: unga wa muhogo, maharagwe, makayabu. Asubuhi hufuata majani yaliyovunjika hadi mahali wanyama walipolala. Kwa kuwa ngagi hujenga kiota kipya kila jioni, anayehesabu viota na kuyapima mavi yaliyomo hujua jamaa ile ina wangapi, na kama mna mtoto, bila kumwona hata mmoja. Hayo yote huandikwa, pamoja na mitego iliyong'olewa. Mtu wa kijijini, pengine hakumaliza shule ya msingi, huwafundisha wataalamu waliotoka mbali. Tumezeeka katika kuwaandaa walimu. Mwalimu twamtambua tukimwona.

Tena, «wa wazungu» kwa njia gani? Ngagi huyu wa nyanda za chini hapatikani popote duniani ila mashariki ya Kongo yetu. Hesabu iliyotolewa mwaka 2021 ilikadiria kwamba wamebaki kama 6,800. Zipo parokia zenye wabatizwa wengi kuliko hao.

Mtatujibu kwamba mtu ni bora kuliko mnyama, na kwamba watu wa Masisi nao wamelala chini ya maturubai, wala si kwa kupenda. Ni kweli, na inatuuma. Lakini hatujaona mkimbizi aliyerudishwa shambani kwake kwa sababu ngagi ameliwa. Mikono inayofyeka msitu kwa makala na kuutoboa kwa madini ni jirani sana na ile inayowafukuza watu. Katika waraka wake *Laudato Si'* wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alilitaja bonde la Kongo kwa jina, wala hakutenganisha kilio cha ardhi na kilio cha maskini.

Lipo shtaka moja tusilolikana. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilipoundwa mwaka 1970, na kupanuliwa mwaka 1975 hadi misitu ya Walikale, Watwa walitolewa katika nchi ya babu zao. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nao uliitia serikali yetu hatiani. Mlinzi anayemfukuza mwenye nchi kwa bunduki hatumtetei, hata akiwa amebatizwa nasi.

Ila njia nyingine ipo. Amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014 huiruhusu jamii ya wenyeji kuomba msitu wake, hadi hekta 50,000, uwe wao bila kikomo cha muda. Ni wangapi kati yenu wameisoma? Ninyi wa Masisi mnajua milima iliyobaki malisho: jibini ni nzuri, lakini anayetaka kuonyeshwa msitu wa babu yake yampasa ateremke hadi Walikale.

Basi kijana yule akirudi tena, mpeni kiti mbele ya kikundi, awaeleze jinsi viota vinavyohesabiwa. Mwulizeni pia analipwa kiasi gani, na kama hulipwa kwa wakati. Iwapo katika hilo kuna la kupigia kelele, tutapiga pamoja.