Laos na watoto: Hesabu umbali wa hospitali kabla ya nauli

Mtoto akipandisha joto usiku wa manane Dar es Salaam, mzazi anajua pa kukimbilia na anajua dereva wa kumpigia simu. Akiwa Laos, katikati ya milima ya kaskazini, hajui. Jibu hilo inabidi alitafute kabla hajatoka nyumbani, na ndilo linalopaswa kuamua familia ipite njia ipi, ilale mji gani na ikae siku ngapi. Bei ya tiketi ije baadaye.

Laos ni nchi isiyo na bahari, iliyozungukwa na China, Vietnam, Kambodia, Thailand na Myanmar. Ukubwa wake ni takribani robo ya Tanzania na watu wake hawafiki milioni nane. Sehemu kubwa ni milima na misitu, na mto Mekong ndio mpaka wake na Thailand kwa masafa marefu. Familia ya Afrika Mashariki inayofika huko mara nyingi huwa tayari iko jirani: baba ana kazi Bangkok, au binti anasoma chuo China, likizo imefika na mtu anasema, mbona Laos ipo hapo pembeni?

Kweli ipo pembeni. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki, lakini kwa kupitia Nairobi, Addis Ababa, Doha au Dubai msafiri anafika Bangkok, na kutoka hapo ni safari ya saa moja na ushei hewani hadi Vientiane, mji mkuu. Anayetaka kupunguza gharama anapanda treni ya usiku. Tangu Julai 2024 treni ya Bangkok inavuka Mekong na kuingia hadi Vientiane. Kwa watoto treni hiyo ina raha yake, maana wanalala kitandani na kuamka karibu na mpaka. Mzazi ajiandae tu kuwashusha na mabegi yao kwa ajili ya ukaguzi wa pasipoti.

Kabla ya hapo kuna kadi ya njano. Thailand inawataka wasafiri wanaotoka Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine kadhaa za Afrika waonyeshe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na Laos nayo inakidai kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo kwenda kuchanja wiki ya safari ni kuchelewa. Siku hizi kinadumu maisha yote. Kila mtoto awe na kadi yake, jina likiandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Mtoto wa chini ya miezi tisa kwa kawaida hachanjwi, hivyo mwenye kichanga aulize ubalozi na shirika la ndege mapema, sambamba na suala la viza.

Siku mbili za kwanza zitumike Vientiane bila haraka. Laos iko saa nne mbele ya Afrika Mashariki: saa mbili usiku, mama anapotaka watoto walale, miili yao inajua ni saa kumi jioni. Wataruka kitandani, kisha asubuhi hawaamki. Mtoto aliyechoka hivyo akipakiwa kwenye basi la milimani kesho yake, atatapika njia nzima.

Jambo jingine la siku hizo mbili ni kuvuka barabara. Magari ya Laos hupita kulia. Mtoto wa Tanzania au Kenya amefundishwa kuangalia kulia kwanza, lakini Laos gari la kwanza linatokea kushoto kwake. Thailand wanaendesha kushoto kama nyumbani, kwa hiyo familia inayotokea Bangkok inabadilishiwa upande pale darajani bila kupewa muda wa kuzoea. Wadogo washikwe mkono, na wakubwa wafanye mazoezi kwenye mtaa wenye magari machache.

Mjini usafiri ni tuk-tuk, ambazo ni bajaji zenye umbo la kwao, na pikapu zenye mabenchi mawili yanayotazamana nyuma, kama zile chai maharage ambazo wazee wa Dar es Salaam wanazikumbuka. Mikanda haipo. Vientiane kuna pia teksi za kuita kwa simu kupitia programu kama LOCA, na kwa mwenye watoto hizo ndizo za kuchagua. Kiti cha mtoto cha gari ni nadra kukipata, hivyo anayekihitaji abebe cha kwake. Pikipiki za kukodi ziko kila kona, na watalii huzipanda wakiwa wamevaa kandambili, mtoto mbele. Hapo bima nyingi za safari hujitoa: kama dereva hana leseni ya pikipiki, ajali ni juu yake.

Kilichobadilisha kabisa safari za ndani ni reli iliyojengwa na China na kufunguliwa Desemba 2021. Inatoka Vientiane hadi Boten kwenye mpaka wa China, zaidi ya kilomita 400, na tangu 2023 abiria wanaweza kuendelea hadi Kunming. Zamani kwenda Luang Prabang, mji wa mahekalu uliomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1995, kulimaanisha kutwa nzima kwenye kona za milima. Treni inatumia chini ya saa mbili. Mji wa Vang Vieng, wenye mto na mapango, unafikiwa kwa takribani saa moja.

Kwa mzazi, maana ya reli hiyo ni kwamba mtoto akiugua Luang Prabang asubuhi, mchana anaweza kuwa Vientiane. Ila tiketi hukatwa mapema, vituo viko mbali na katikati ya miji, na ukaguzi wa mizigo ni mkali. Visu, mikasi na makopo ya kupuliza huchukuliwa, na dawa ya mbu ya kopo huenda nayo. Ya kujipaka haina shida.

Upande wa kusini, kuelekea Pakse na visiwa vya Mekong, reli hiyo haifiki. Huko ni ndege au basi la usiku la zaidi ya saa 10. Vivyo hivyo boti ya polepole ya kutoka Huay Xai hadi Luang Prabang: siku mbili mtoni, usiku mmoja katika kijiji cha Pak Beng. Mandhari yake yanasifiwa, na ni haki. Lakini mwenye mtoto wa mwaka mmoja ajiulize atafanya nini kuhara kukianza saa nane mchana, boti ikiwa kati ya misitu. Mwenye watoto wa miaka kumi na kuendelea, wenye afya, aende.

Sasa hospitali zenyewe. Vientiane ina hospitali kubwa, Mahosot ikiwemo, na Luang Prabang kuna Hospitali ya Watoto ya Lao Friends, iliyofunguliwa 2015, inayotibu watoto bila malipo. Nje ya hapo huduma hupungua haraka. Kwa ugonjwa mzito, ushauri ambao nchi nyingi huwapa raia wao ni kuvuka kwenda Thailand, hasa Udon Thani, ambayo haifiki kilomita 100 kutoka Vientiane. Daraja la Urafiki, lililofunguliwa 1994, lina saa zake za kufungwa usiku, na kuvusha mgonjwa kunahitaji mipango na fedha. Kwa hiyo bima ya safari iseme waziwazi kwamba inalipia kumhamishia mgonjwa nchi nyingine. Namba ya simu ya bima iandikwe kwenye karatasi, kwa kuwa simu huishiwa chaji siku ya shida. Na kadi ya hospitali ya Thailand haitasaidia kama viza inaruhusu kuingia Thailand mara moja tu na mara hiyo imeshatumika. Hilo likaguliwe tangu mwanzo.

Kuhusu homa, mzazi wa Afrika Mashariki ana jambo la kwake ambalo vitabu vya watalii haviandiki. Vientiane na Luang Prabang malaria si tatizo, hubaki zaidi maeneo ya kusini. Mtoto akichemka, daktari wa huko atafikiria dengi kwanza, na mara nyingi atakuwa sahihi, hasa msimu wa mvua, Mei hadi Oktoba. Lakini mtoto aliyetoka Tanga au Kisumu wiki mbili zilizopita anaweza kuwa amesafiri na malaria ya nyumbani. Neno la kwanza kwa daktari liwe: tumetoka nchi yenye malaria, apimwe. Vipimo viwili au vitatu vya haraka vya malaria kwenye begi havina uzito. Hadi dengi iondolewe, homa ishushwe kwa paracetamol tu. Aspirini na ibuprofeni huongeza hatari ya kutokwa damu, kama walivyoonywa wakazi wa Dar es Salaam katika mlipuko wa 2019.

Kichaa cha mbwa kipo. Mtoto aambiwe kabisa kwamba mbwa wa hekaluni hashikwi, nyani halishwi. Akiumwa au kukwaruzwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kwa saa, si kwa kukisia, kisha safari ya kwenda kwenye chanjo ianze siku hiyohiyo. Immunoglobulini, ile dawa ya kinga inayochomwa kuzunguka kidonda, ni vigumu kuipata mikoani. Ndiyo sababu familia itakayokaa muda mrefu inashauriwa watoto wachanjwe kabla ya safari.

Chakula kina nafasi yake: wali wa kunata unaoliwa kwa mkono, supu za tambi, kuku wa kuchoma. Watoto wa uswahilini watajisikia nyumbani. Kisichofaa ni samaki mbichi wa mtoni na vyakula vilivyochanganywa naye. Samaki hao hubeba minyoo ya ini, ambayo ikikaa miaka mingi huhusishwa na saratani ya njia ya nyongo.

Msimu nao ni dawa. Novemba hadi Januari kuna ukavu na ubaridi, na kaskazini usiku unahitaji sweta. Kuanzia Februari hadi Aprili mashamba na misitu huchomwa, moshi ukatanda hadi milima isionekane. Mwenye mtoto wa pumu asiende kaskazini miezi hiyo, hata kama tiketi ni ya bure.

Kuna hatari moja ambayo mtoto hawezi kuiona. Kati ya 1964 na 1973 Marekani iliidondoshea Laos zaidi ya tani milioni mbili za mabomu. Mengi yalikuwa makasha yaliyomwaga vibomu vidogo vya ukubwa wa mpira wa tenisi, na inakadiriwa kuwa vibomu milioni 80 havikulipuka. Wenyeji huviita bombi. Bado vimo ardhini, hasa mikoa ya mashariki na Xieng Khouang, yalipo mawe makubwa yenye umbo la mitungi yanayovutia watalii. Umbo la mpira ndilo linalowaponza watoto. Amri ni mbili: hakuna kutoka kwenye njia iliyokanyagwa, hata kwenda kujisaidia, na hakuna kuokota chuma. Wenye watoto wakubwa wanaweza kuwapeleka kwanza kituo cha COPE, Vientiane, panapotengenezwa viungo bandia, waone wenyewe kwa nini wanakatazwa.

Na wapo wazazi ambao hawaendi, ila kijana wao yuko chuo Kunming au Bangkok na amesema anakwenda Vang Vieng na wenzake. Novemba 2024 watalii sita walifariki baada ya kunywa pombe yenye methanoli katika mji huo. Wawili walikuwa wasichana wa Australia wenye miaka 19, waliofia katika hospitali za Thailand walikokimbizwa. Wakenya wanaujua msiba wa aina hiyo, kwani Februari 2024 pombe yenye sumu iliua watu zaidi ya kumi Kirinyaga. Methanoli haijulikani kwa ladha wala harufu. Dalili huweza kuchelewa hadi siku nzima, kisha huja kichwa kuuma, kutapika, macho kuona ukungu na kuhema haraka. Wenzake wakidhani ni uchovu wa pombe wakamwacha alale, muda wa kusafishwa damu unapotea. Kumkataza kijana asinywe ni sawa, lakini aambiwe na hili: asiguse pombe ya kupewa bure wala iliyochanganywa kwenye ndoo au jagi, na mwenzake akilalamika macho, ni hospitali saa hiyohiyo.

Fedha ya huko ni kip, na dola moja hununua zaidi ya 20,000. Mashine za kutolea fedha ni chache nje ya miji, na hospitali nyingi hutaka malipo kabla. Akiba ya dola au baht za Thailand ikae mbali na pochi ya kila siku.

Baada ya kurudi nyumbani, homa yoyote ndani ya wiki kadhaa ipelekwe kituoni na daktari aambiwe mtoto alikuwa wapi. Mtoto aliyeanzishiwa chanjo ya kichaa cha mbwa Laos au Thailand arudi na kadi inayoonyesha jina la chanjo, tarehe na idadi ya sindano alizochomwa, ili kituo cha nyumbani kimalizie zilizobaki badala ya kuanza kukisia.