Mgonjwa wa Saratani Naye Ana Haki ya Kutulia

Limezuka katika nchi za ng'ambo, na sasa limeanza kusikika hata kwetu, shauri la kwamba mtu anayeugua saratani afundishwe kukaa kimya kila siku kwa muda wa robo saa au zaidi, afuate pumzi zake zinapoingia na kutoka, na kuiacha mipango na hofu ipite bila kuikimbilia. Wanaolitoa wanasema kuwa zoezi hili hupunguza wasiwasi na kumrudishia mgonjwa usingizi wake. Wako wanaolicheka. Wako wanaodhani ni ibada ya kigeni inayoingizwa kwa mlango wa nyuma. Na wako, nao ndio wa kuogopwa zaidi, watakaolichukua na kuligeuza kuwa dawa ya kuponya. Sisi twaona kuwa shauri hili ni jema, wala halina gharama. Walakini lina masharti yake, na masharti hayo hayamwangukii mgonjwa peke yake bali yatuangukia sisi tulio wazima.

Twautaja mkoa wa Njombe, pamoja na mji wake wa Makambako, kwa sababu maalumu. Mkoa huu uliotengwa na Iringa mwaka 2012 ni mkoa wa kazi. Ndipo penye chai ya Lupembe na Luponde, miwati ya Kibena, mbao, viazi, na siku hizi maparachichi; na Makambako ndiyo njia panda ambapo barabara ya Songea huiacha ile ya Tunduma, na reli ya TAZARA hupita. Lakini ndio mkoa ambao uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 uliukuta na virusi vya UKIMWI kuliko mikoa mingine yote, watu wazima 12.7 kwa kila mia. Shirika la Afya la Dunia limekwisha kueleza kwamba mwanamke mwenye virusi hivyo yumo katika hatari ya kupata saratani ya mlango wa kizazi mara 6 kuliko asiye navyo. Nayo saratani hiyo ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Kwa makisio ya mwaka 2020 waliougua upya walizidi 10,000. Basi tunaposema mgonjwa wa saratani katika nyanda hizi, mara nyingi twamsema mama aliye katika shamba la chai, au mama auzaye viazi kwa debe pale stendi.

Wala ugonjwa huu hauchagui cheo. Mwalimu Julius Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, na nchi nzima ilijifunza siku zile kuwa hata Baba wa Taifa hana kinga.

Na tumfuate yule mama. Kwa miaka mingi mgonjwa wa nyanda hizi aliyehitaji tiba ya mionzi amepelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, hospitali ambayo Wajerumani waliifungua ufuoni mwaka 1897. Kutoka Makambako hadi huko ni zaidi ya kilomita 600 za barabara. Mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida hutolewa siku tano za juma, kwa muda wa majuma matano hivi. Kila siku mgonjwa hulala chini ya mashine kwa dakika chache tu, akiwa ametakiwa asijitikise. Saa zilizobaki ni zake mwenyewe na mawazo yake: nani amewapikia watoto, nani anapalilia viazi, nauli ya kurudia itatoka wapi, na je, mwili huu utarudi kweli au utarudishwa? Huo ni ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza, na kwa ugonjwa huo wa pili aghalabu hapewi chochote. Akilia, ataambiwa ajikaze.

Zoezi lenyewe halina siri. Mgonjwa huketi, au hulala ikiwa hana nguvu, akajifunika vizuri maana baridi ya Njombe ya mwezi Juni haina adabu. Huweka mkono juu ya tumbo akausikiliza ukipanda na kushuka. Fikra zitamchukua, maana ndiyo kazi ya fikra, naye atakapotambua kuwa amechukuliwa hurudi katika pumzi bila kujilaumu. Atachukuliwa mara ishirini na kurudi mara ishirini. Basi. Anayedhani ni jambo dogo na ajaribu kwa dakika tano tu, ataona jinsi kichwa chake kilivyo soko la Jumamosi.

Waganga wa hospitali hawakulipokea jambo hili kwa maneno matupu. Daktari Jon Kabat-Zinn alianza kulifundisha kwa wagonjwa katika chuo cha utabibu cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, akiwa ameliondolea mambo ya dini. Mwaka 2000 wataalamu wa Calgary, nchini Kanada, walitangaza habari za wagonjwa 90 wa saratani za namna mbalimbali: baadhi walifundishwa kwa majuma saba, na wengine wakangojea zamu yao. Waliofundishwa walionekana kupungukiwa na huzuni, hasira na wasiwasi kupita wale waliongojea. Baada ya hapo majaribio mengi yamefanywa, na mwaka 2023 chama cha madaktari wa saratani wa Marekani, pamoja na wenzao wanaochunguza tiba saidizi, waliliweka zoezi hili katika mwongozo wao wa kuwasaidia wagonjwa wenye wasiwasi na unyonge wa moyo. Yafaa tuseme pia kwamba wengi wa waliojaribiwa ni wanawake wa nchi tajiri, wenye saratani ya matiti, waliokwisha kupata tiba zote. Hawakuwa na shida ya nauli. Na hakuna jaribio hata moja katika hayo lililoonyesha kwamba kukaa kimya hupunguza uvimbe.

Kwa wale wanaohofia dini yao, twawaomba watazame kwanza nyumbani. Mwislamu avutaye uradi baada ya sala ya alfajiri, akihesabu tasbihi punje kwa punje, anajua jinsi moyo unavyoshuka mahali pake. Mkatoliki mwenye rozari anajua. Masista Wabenedikti wa Imiliwaha na watawa wa Uwemba, huko huko Njombe, wanaishi kwa kanuni ya kale iliyotenga saa za kunyamaza na kuyatafakari maandiko polepole. Hata wenzetu Wachina, walioijenga reli ile pamoja nasi tangu mwaka 1970 hadi 1975, wana mazoezi yao ya kale ya kuongoza pumzi na viungo. Anayetaka kuitia pumzi yake jina la Mungu na alitie. Asiyetaka na ahesabu moja hadi kumi. Pumzi haina dhehebu.

Lakini twasema kwa sauti, tena kwa ukali: asije mtu akauza utulivu kama tiba ya saratani. Nchi hii haijasahau mwaka 2011, wakati maelfu ya watu kutoka pande zote walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, wakiamini kuwa kitawaponya kisukari, UKIMWI na saratani. Wako waliokufa wakiwa katika msururu wa magari. Wako walioacha dawa zao. Bei ilikuwa ndogo mno kwa mfuko na kubwa mno kwa uhai. Saratani ya mlango wa kizazi ikigunduliwa mapema yatibika, na mama aliyeahirisha safari ya Ocean Road kwa miezi sita ili kwanza ajaribu pumzi, au maombi, au mizizi, ameipa saratani miezi sita ya bure. Mwalimu yeyote wa zoezi hili asiyesema hivyo katika somo lake la kwanza hafai kusikilizwa somo la pili.

Sharti jingine ni maumivu. Daktari Cicely Saunders, aliyefungua nyumba ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alifundisha kuwa maumivu ya mgonjwa wa saratani ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja, na kwamba hayo ya mwili yasipotulizwa hayo mengine hayafikiki. Twaona alisema kweli. Mtu mwenye saratani iliyoingia mifupani akiambiwa aisikilize pumzi yake, atasikia mfupa. Dawa ya maumivu hayo ni morfini ya maji, nayo si ghali. Unga wake huchanganywa na maji na mgonjwa akainywa nyumbani kwake kwa kipimo. Uganda, tangu Daktari Anne Merriman alipoanzisha huduma yake Kampala mwaka 1993, wameionyesha Afrika njia: dawa hutiwa rangi ili nguvu zake zijulikane, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wameruhusiwa kuiandika wenyewe. Kwetu nako hospitali za dini zilitangulia, kama Selian ya Arusha, ambayo wauguzi wake waliwafuata wagonjwa majumbani kwa tiba shufaa. Basi kabla ya kumfundisha mtu kutulia, na tuulize kwanza kama chupa ya morfini inafika Lupembe, na kama inafika kabla ile ya mwezi uliopita haijakwisha. Kumpa mgonjwa mafunzo ya pumzi mahali pa morfini ni kumnyamazisha, si kumtuliza.

Sasa tuje kwa jamaa na majirani, yaani sisi wenyewe. Desturi yetu ya kumtazama mgonjwa ni njema, na asiyekwenda kumtazama jirani yake hana utu. Hata hivyo ni nani asiyemjua yule mgeni anayeketi kitandani, akatoa pole, kisha akaanza kuhesabu jamaa zake wote waliokufa kwa ugonjwa uo huo? Katika nyumba nyingine mgonjwa hukaa na wageni tangu asubuhi hadi taa kuwashwa, redio ikilia chumba cha pili, na katika Makambako malori ya Tunduma yakinguruma nje usiku kucha. Atatulia saa ngapi? Balozi wa shina, ambaye nyumba zake azijua zote, aweza kabisa kuwaambia majirani kwamba saa fulani ya jioni mama huyu anapumzika, asiingie mtu. Hilo halihitaji waraka kutoka makao makuu.

Na jambo zito zaidi ni uongo. Jamaa wengi humficha mgonjwa jina la ugonjwa wake, wakamwambia ni vidonda vya tumbo au uchovu, wakidhani wanamhifadhi. Yeye huku anawaona wakinong'ona mlangoni. Anajua, nao wanajua, na kila mmoja anaigiza mbele ya mwenzake. Zoezi la kutulia humtaka mtu aitazame hali yake ilivyo, bila kuikimbia. Aliyefichwa hali yake hana cha kutazama isipokuwa nyuso za watu wanaomdanganya. Hatusemi daktari amtupie mtu habari kama mzigo sokoni. Twasema aambiwe na mtu ampendaye, kwa maneno ya Kiswahili au ya Kibena anayoyaelewa, na apewe nafasi ya kuuliza.

Limebaki suala la kazi, nalo lawahusu wanachama walio katika mashamba, viwanda vya mbao na reli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika kipindi cha miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, na 63 kwa nusu mshahara, akileta hati ya daktari. Majuma matano ya mionzi, pamoja na safari na siku za kupimwa, yaenea katika zile 63 za kwanza. Kwa hiyo mfanyakazi anayeacha tiba katikati kwa kuogopa kufukuzwa kazi anaacha haki ambayo tayari ni yake, na mwajiri anayemtisha anavunja sheria. Ni wangapi wameelezwa hivyo? Twadhani ni wachache, na vyama vya wafanyakazi vina kazi ya kufanya hapo.

Lakini yuko mwingine, kibarua. Sheria ile kwa kawaida humtaka mtu awe ametimiza miezi sita kazini ndipo apate likizo yenye malipo, ingawa wa msimu, na yule aliyerudi kwa mwajiri yule yule mara zaidi ya moja katika mwaka hata siku zake zikapita miezi sita, nao wamefikiriwa. Mchuma chai aliyeandikwa kwa miezi mitatu, kisha akaandikwa tena, hana karatasi ya kuthibitisha siku zake, wala hana wa kumhesabia. Huyo akigunduliwa na saratani ataondoka shambani bila senti, na hakuna pumzi itakayomtuliza wakati debe la unga limekwisha. Twawataka makatibu wa matawi ya Njombe, Lupembe na Makambako wakae na viongozi wa wafanyakazi waanze kuandika orodha ya vibarua hao na siku walizofanya kazi, kabla ya mvua za Desemba, majani yanapochumwa kwa wingi na watu wanapoandikwa upya.